Kutoka Ufundi hadi Tusi: Majina ya Kale ya Kazi na Aina za Watu katika Kiingereza na Changamoto Zake kwa Mfasiri na Mtunga Kamusi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua kundi la maneno ya kale ya Kiingereza yanayotaja kazi na aina za watu. Baadhi ya maneno hayo yamebaki kuwa majina ya koo tu, mengine yamegeuka matusi, na mengine yamepanda hadi kuwa vyeo vya heshima. Inaelezwa namna maneno hayo yalivyoundwa, sababu za kijamii zilizobadili maana zake, na ugumu unaomkabili mfasiri anayeyahamishia katika Kiswahili. Mifano imetolewa katika historia ya Uingereza kuanzia karne ya 11 na kulinganishwa na maneno ya Kiswahili yaliyopitia safari kama hiyo, yakiwamo tajiri, bepari na mshenzi. Hoja kuu ni kwamba jina la kazi halitaji kazi peke yake, bali huhifadhi pia mpangilio wa jamii: nani alimiliki, nani alitumikia, na nani alikuwa na sauti ya kumpa mwenziwe jina. Kwa hiyo kisawe kinachozingatia kazi na kusahau hadhi ni kisawe nusu.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili hukutana na majina ya kale ya kazi za Waingereza bila kutambua kwamba ni majina ya kazi. Anaposoma habari za Margaret Thatcher, hana sababu ya kufikiri kwamba jina hilo la ukoo lilimtaja mwezekaji wa nyumba kwa nyasi au mabua. Anapofungua kamusi yenye jina la Webster, hakumbuki kwamba Noah Webster, mtunga kamusi wa Marekani aliyeishi kati ya 1758 na 1843, alibeba jina la mfumaji wa nguo. Vivyo hivyo, Fletcher alikuwa mtengeneza mishale, Cooper mtengeneza mapipa ya mbao, Chandler mtengeneza mishumaa, na Wainwright mtengeneza magari ya kukokotwa na wanyama.

Maneno haya yangeweza kuachwa kwa wapenzi wa historia ya Uingereza kama yasingekuwa na athari katika taaluma zetu. Lakini athari ipo. Tamthiliya za Kiingereza za karne ya 16 na ya 17 zimefasiriwa kwa Kiswahili na kusomwa katika shule na vyuo vyetu. Matini za sheria na za historia hufasiriwa pia. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili nazo hutoa visawe vya maneno hayo, mara nyingi bila kuonyesha kwamba maana ya leo si ile ya karne ya 14.

Mwandishi wa makala hii alilitambua tatizo hili kwa makosa yake mwenyewe. Katika zoezi la darasani la kufasiri matini inayohusu umiliki wa ardhi katika Uingereza ya Enzi za Kati, alilifasiri neno linalotaja wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana wao kuwa “waovu”. Sentensi ilisomeka vizuri, sarufi haikuwa na dosari, na darasa zima halikushtuka. Hata hivyo, kaya kadhaa za wakulima zilikuwa zimegeuzwa genge la wahalifu. Kosa ambalo halishtui mtu ndilo linalohitaji kufafanuliwa.

2.0 Uundaji wa Majina ya Kazi

Kiingereza cha kale kilikuwa na njia kuu tatu za kuunda majina ya kazi. Njia ya kwanza ni uambishaji. Kiambishi tamati “-er” kilifungamanishwa na tendo au kitu, kama katika “thatcher” kutokana na tendo la kuezeka. Njia ya pili ni uambatanishaji. Neno “wright”, lenye maana ya mtenda kazi au fundi, liliambatanishwa na jina la kitu kinachotengenezwa: “wheelwright” ni fundi wa magurudumu na “shipwright” ni fundi wa merikebu. Neno “monger”, lenye asili katika neno la Kilatini la mchuuzi, lilitaja muuzaji: “fishmonger” ni muuza samaki, na “costermonger” ni muuza matunda mitaani, hapo mwanzo muuza tofaa za aina moja maalumu. Njia ya tatu ni ukopaji. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilileta maneno mengi ya ufundi wa mijini. “Fletcher” linatokana na neno la Kifaransa la mshale, na “chandler” linarudi hadi neno la Kilatini la mshumaa.

Kiswahili kina njia zinazokaribiana na hizi. Tunacho kiambishi awali m- kikiandamana na kiishio -i, kama katika mfinyanzi kutokana na finyanga, mwashi kutokana na aka, na msusi kutokana na suka. Tunao mwambatano wa kitenzi na nomino, kama mshona viatu, mfua chuma na mchoma mkaa. Tunayo maneno ya mkopo, kama sonara, seremala, dobi na nahodha. Aidha, tuna neno fundi, ambalo huungana na karibu kila nomino: fundi viatu, fundi saa, fundi cherehani, fundi umeme.

Ulinganifu huu ni faida kwa mfasiri, lakini pia ni mtego. Kwa kuwa fundi hupokea kila kazi, ni rahisi kuandika fundi mishale au fundi mapipa na kudhani kazi imekwisha. Sehemu inayofuata inaonyesha kwa nini haijakwisha.

3.0 Kazi Moja Majina Mengi, Jina Moja Kazi Nyingi

Miji ya Uingereza ya Enzi za Kati iliendeshwa kwa vyama vya mafundi. Kila chama kililinda mipaka ya kazi yake. Mwaka 1371 watengeneza mishale wa London walimwomba Meya wa jiji kazi yao itenganishwe na ile ya watengeneza pinde, ili mtu asifanye zote mbili. Kwa mtu wa leo, upinde na mshale ni silaha moja. Kwa mafundi wale, zilikuwa riziki mbili.

Mpaka wa namna hiyo ulikuwapo pia kati ya “cordwainer” na “cobbler”. Wa kwanza alishona viatu vipya kwa ngozi mpya, na jina lake linatokana na mji wa Cordoba nchini Hispania uliosifika kwa ngozi nzuri. Wa pili alikarabati viatu vikuukuu. Kiswahili huwaita wote wawili mshona viatu au fundi viatu, na kwa kufanya hivyo hufuta mpaka ambao wenyewe waliupigania. Mfasiri anayetaka kuuhifadhi anaweza kumwita wa kwanza mshona viatu na wa pili mtia viraka viatu. Usemi huo unaeleweka mara moja, na unaonyesha daraja ya mtu.

Upande mwingine, kazi moja iliweza kuwa na majina kadhaa kulingana na eneo. Nguo ya sufu ikishafumwa ilipaswa kulowekwa na kukanyagwa au kupigwa ili nyuzi zishikamane. Mtu wa kazi hiyo aliitwa “fuller” kusini-mashariki mwa Uingereza, “tucker” kusini-magharibi, na “walker” kaskazini na sehemu za kati. Jina hili la mwisho limewapotosha wengi, kwa kuwa umbo lake la leo humaanisha mtembeaji. Ukweli ni kwamba mtu huyo alikanyaga nguo ndani ya maji na hakuwa akienda popote.

Tena, jina moja liliweza kubeba kazi ambazo leo zimetengana kabisa. Kinyozi wa Uingereza wa karne ya 16 alinyoa ndevu, aling'oa meno na kutoa damu kwa ajili ya tiba. Mwaka 1540, chini ya Mfalme Henry wa Nane, chama cha vinyozi na cha wapasuaji viliunganishwa kuwa chama kimoja, na havikutengana hadi 1745. Alama ya historia hiyo ingalipo: daktari bingwa wa upasuaji nchini Uingereza kwa desturi huitwa Bwana, si Daktari, kwa kuwa watangulizi wake walikuwa mafundi wa mikono na si wahitimu wa vyuo vikuu. Kiswahili kimezigawa kazi hizi kwa namna yake: kinyozi hunyoa, ngariba hutahiri, na tendo la kutoa damu kwa chuku lina kitenzi chake, kuumika. Kisawe kinyozi, kikitumiwa peke yake kwa matini ya mwaka 1600, humpokonya mhusika nusu ya kazi yake, tena ile nusu iliyoogopwa zaidi.

4.0 Jinsia Iliyofichwa katika Kiambishi

Kiingereza cha Kale kilikuwa na kiambishi tamati cha kike ambacho baadaye kilichukua umbo la “-ster”. Mfumaji wa kike aliitwa “webster”, mwoka mikate wa kike “baxter”, mpika pombe wa kike “brewster”, na msokota nyuzi wa kike “spinster”. Baada ya muda kiambishi hicho kilipoteza nguvu ya kuonyesha jinsia na kikatumika hata kwa wanaume. Ndiyo sababu majina ya koo Webster na Baxter yamebebwa na wanaume kwa karne nyingi. Udhaifu huo ulipokomaa, Waingereza waliongeza kiambishi kingine cha kike chenye asili ya Kifaransa juu ya kile cha kwanza. Mshonaji wa kike akaitwa “seamstress”, neno ambalo, kwa kuhesabu viambishi, limetiwa uke mara mbili.

Mabadiliko ya kimofolojia hapa yaliandamana na mabadiliko ya kiuchumi. Mwanahistoria Judith Bennett, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu upikaji wa pombe Uingereza kati ya 1300 na 1600, ameonyesha kwamba kazi hiyo hapo mwanzo ilikuwa zaidi mikononi mwa wanawake walioifanya majumbani. Kadiri ilivyogeuka kuwa biashara yenye mtaji mkubwa, ilihamia mikononi mwa wanaume. Neno la kike lilififia pamoja na nafasi ya wanawake katika kazi yenyewe.

Safari ya “spinster” inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Katika karne ya 14 lilikuwa jina la kazi tu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1413 ilitaka katika hati fulani za mashtaka jina la mtu lifuatiwe na hadhi yake, kazi yake na mahali anapoishi. Desturi ya kuambatanisha sifa na jina ikaenea, na kwa kuwa kusokota nyuzi kulikuwa kazi ya kawaida ya wanawake, neno hilo likawa likiandikwa mbele ya majina yao. Kufikia karne ya 17 lilikuwa istilahi ya kisheria ya mwanamke ambaye hajaolewa, awe anasokota au hasokoti. Baadaye likachukua dharau likamaanisha mwanamke aliyepitwa na umri wa kuolewa. Katika hati za ndoa za Uingereza na Wales liliendelea kutumika hadi 2005, lilipoondolewa na mahali pake pakaandikwa neno lisilo na jinsia lenye maana ya mtu asiye na ndoa.

Kiswahili hakionyeshi jinsia katika ngeli ya A-WA. Mpika pombe, mfumaji na mwoka mikate waweza kuwa wa jinsia yoyote. Kwa hiyo mfasiri analazimika kuchagua. Akiandika mpika pombe, habari ya jinsia inapotea. Akiandika mwanamke mpika pombe, anaisema kwa sauti kubwa kuliko matini chasili. Hakuna kanuni moja ya kutatua jambo hili. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni iwapo jinsia ya mtenda kazi ina uzito katika hoja ya matini. Katika historia ya uchumi ina uzito. Katika orodha ya majirani sokoni huenda haina. Ama neno “spinster”, halina kisawe kimoja: ni msokota nyuzi katika matini ya 1362, ni mwanamke asiyeolewa katika hati ya 1850, na katika riwaya yenye kejeli ni mwanamke aliyechelewa kuolewa, kwa namna wasemao wanavyomsema.

5.0 Kupanda na Kushuka kwa Hadhi ya Maana

Wanasemantiki hutofautisha kupanda na kushuka kwa hadhi ya maana. Maneno yanayotaja aina za watu huonyesha mielekeo yote miwili kwa uwazi mkubwa.

Neno “villain”, ambalo leo humaanisha mwovu au mhusika mbaya katika hadithi, lina asili katika neno la Kilatini la shamba au makazi ya shambani. Katika daftari kubwa la ardhi na kodi lililoandaliwa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086, watu wa kundi hilo wametajwa kwa umbo la Kilatini kama wakulima wa vijijini, bila lawama yoyote. Neno “churl” lilimtaja mtu huru wa tabaka la kawaida, kisha likawa la mtu mkorofi. Neno “boor” lina uhusiano na neno la Kiholanzi la mkulima, kisha likawa la mtu asiye na adabu. Neno “hussy”, linalomtukana mwanamke kwa mwenendo wake, ni mkato wa neno lilelile lililomaanisha mwanamke mwenye nyumba. Katika mifano yote minne, anayeshushwa ni mkulima, mtu wa kawaida au mwanamke. Maneno hayo yaliandikwa na watu wa jumba la kifalme, wa mahakama na wa kanisa, mlimaji hakuulizwa.

Jozi inayofundisha zaidi ni “knave” na “knight”. Yote mawili hapo mwanzo yalimaanisha mvulana, kisha mvulana wa kutumikia. La kwanza lilibaki jikoni likashuka hadi kumaanisha ayari. La pili lilimfuata bwana vitani, likapanda farasi, likawa cheo cha heshima kinachotolewa na mfalme hadi leo. Vivyo hivyo, “marshal” lilikuwa neno la mtumishi wa farasi kabla ya kuwa cheo cha juu cha kijeshi. “Lord” linatokana na mwambatano uliomaanisha mlinzi wa mkate, na “lady” linatokana na ule uliomaanisha mkanda mkate. Kinachoamua njia ya neno si maana yake ya awali, bali ni jirani wa mamlaka aliyekaribiana nalo.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuona jambo hili. Neno tajiri linatokana na neno la Kiarabu la mfanyabiashara. Katika Kiswahili maana ya biashara imefifia, ikabaki ya mali na umiliki, hata dereva wa daladala humwita mwenye gari tajiri bila kujali ana fedha kiasi gani. Neno bepari nalo, lenye asili ya Kihindi, lilimaanisha mfanyabiashara. Lilishuka njia nyingine, na katika lugha ya siasa ya Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa jina la mnyonyaji. Maneno mawili ya kazi moja, yaliyoletwa na bahari moja, yameachana: moja hutamaniwa na lingine hulaumiwa. Neno mshenzi nalo, lililotumiwa na watu wa pwani wa karne ya 19 kumtaja mtu wa bara kinyume cha muungwana, limebaki tusi tupu. Mwenendo wake hautofautiani na ule wa “villain”: aliye mbali na mji hugeuzwa aliye mbali na utu.

6.0 Athari kwa Mfasiri na Mtunga Kamusi

Mwalimu Julius Nyerere alifasiri tamthiliya ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice na kuiita Mabepari wa Venisi, chapa ya 1969. Maneno mfanyabiashara na mchuuzi yalikuwapo, lakini hayakuchaguliwa. Msomaji wa mwaka 1969 hakuweza kusikia neno bepari kwa masikio ya msafiri wa jahazi wa zamani. Alilisikia kwa masikio ya Azimio. Aidha, jina la asili liko katika umoja na la Kiswahili liko katika wingi, hivyo tabaka limechukua nafasi ya mtu. Makala hii haioni hapo kosa. Inaona ushahidi kwamba kisawe cha jina la kazi huja na hukumu ya jamii inayokipokea, na kwamba mfasiri mahiri huitumia hukumu hiyo kwa kujua.

Tamthiliya nyingine aliyoifasiri, Juliasi Kaizari, inatoa mfano wa pili. Matini chasili hufunguka kwa viongozi wa Roma wakiwauliza raia barabarani kazi zao. Mmoja ni seremala, naye hueleweka mara moja. Mwingine hujitaja kwa neno “cobbler”, ambalo katika Kiingereza cha wakati huo lilimaanisha mtia viraka viatu na pia mtu afanyaye kazi ovyo ovyo. Kiongozi hashiki maana, raia anaendelea kumchezea maneno, na hadhira inacheka. Mfasiri yeyote wa onyesho hili anayeandika mshona viatu amehifadhi kazi na kupoteza dhihaka ya mnyonge kwa mkubwa wake, ambayo ndiyo sababu ya onyesho lenyewe.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mfasiri abaini wakati wa matini kabla ya kutafuta kisawe, kwa kuwa umbo moja la neno huweza kuwa na maana tatu katika karne tatu. Pili, pale Kiswahili kisipokuwa na kazi husika, mwambatano wa kitenzi na nomino, kama mtia viraka viatu au mkanyaga sufu, upewe kipaumbele kuliko fundi, kwa sababu hutaja tendo waziwazi. Tatu, kamusi za lugha mbili zitenganishe fasili za kidahizo kwa alama za wakati na hadhi: kale, kisheria, dharau.

Pendekezo hili la tatu linahusu pia kamusi zetu za Kiswahili kwa Kiswahili. Maneno topasi, tarishi, mnyapara na serahangi yanaondoka vinywani mwa vijana. Topasi amekuwa mfanya usafi, tarishi amekuwa mhudumu wa ofisi, na aliyeitwa hausigeli sasa huitwa dada wa kazi. Mabadiliko haya yana sababu njema, kwa kuwa wanaofanya kazi hizo wanastahili majina yasiyowadhalilisha. Lakini kubadili jina si sawa na kulifuta katika kumbukumbu. Kamusi isiyoeleza kwamba neno fulani lilitumika, lini, na kwa dharau kiasi gani, inamnyima mtafiti wa kesho ushahidi wa namna tulivyotendeana.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba majina ya kale ya kazi na aina za watu katika Kiingereza yalibadilika kwa sababu zinazoelezeka: mipaka ya vyama vya mafundi, kuhama kwa kazi kutoka kwa wanawake kwenda kwa wanaume, desturi za uandishi wa hati za kisheria, na umbali wa mtu kutoka kwenye mamlaka. Imeonyesha pia kwamba Kiswahili kimepitia mwenendo huohuo katika maneno kama tajiri, bepari na mshenzi. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili haingii katika matini hizi akiwa mgeni kabisa. Anachohitaji ni kuuliza maswali mawili kwa kila neno la namna hii: mtu huyu alifanya nini, na ni nani aliyemwita hivyo? Wakulima waliofasiriwa kuwa waovu darasani walipatwa na hayo kwa sababu mfasiri wao hakuuliza hata moja.